Unataka kuingia KDF? Mbio peke yake hazitoshi

Kila tangazo la kusajili makurutu wa KDF likitoka, mtaa unaamka mapema. Saa kumi na moja alfajiri mabarobaro na mabinti wamejaa kando ya Thika Road, wakikata kilomita. Kama nawe uko kwa hilo kundi, nisikize kidogo. Mbio ni muhimu, lakini ukizifanya tizi yako yote, zinaweza kukufungia lango.

Anza na mizani. KDF inataka mwanamume awe na angalau kilo 54.55, mwanamke kilo 50. Sasa piga hesabu. Wewe ni mwembamba, doo hakuna, unakula mara moja kwa siku, halafu unakimbia kilomita 15 kila asubuhi. Utafika uwanjani na pumzi kama ya swara, kisha mizani ikutoe kabla hujaionyesha kwa mtu.

Kuna mifupa pia. Mwaka 1855, daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza jinsi miguu ya wanajeshi ilivyokuwa ikivimba na kuuma kwa kutembea sana. Baadaye eksirei zilionyesha kuwa ilikuwa ni nyufa ndogo kwenye mifupa. Mpaka leo makurutu wanarudishwa nyumbani na majeraha hayo, hasa wanaoongeza kilomita ghafla wakiwa na miguu isiyo na nguvu. Kukimbia wiki mbili kama mwendawazimu kabla ya usajili ndiyo njia ya haraka ya kuyapata.

Halafu kuna kazi yenyewe. Askari hakimbii na kaptura na fulana. Ana bunduki, risasi, maji, helmeti na mkoba mgongoni. Mwenzake akijeruhiwa, lazima amburute hadi mahali salama. Jeshi la Marekani liliona hili. Tangu 1980 lilikuwa likipima askari wake kwa presapu, kukaa na kulala, na mbio za maili 2. Mwaka 2022 likaanza rasmi kutumia mtihani mwingine: kuinua chuma kizito kutoka chini, kuburuta mzigo wa kilo 41, kukimbia na uzito mikononi. Mbio za maili 2 hazikuondolewa, ila haziko peke yake tena.

Najua utaniambia Paul Tergat alikuwa mwanajeshi. Kweli, alikuwa jeshi la wanahewa. Lakini Tergat ni mmoja, na wewe hauendi kutafuta medali, unaenda kutafuta kazi ya kubeba.

Na nyinyi wa jim, wenye vifua kama mlango, msicheke. Uwanjani mtakimbizwa, na kifua hakitawasaidia mkianza kuhema mzunguko wa pili.

Kwa hivyo changanya. Kimbia siku tatu kwa wiki: moja ya polepole na ndefu, moja ya kasi fupifupi, moja ya kawaida. Siku zingine tatu jenga nguvu: presapu, kuchuchumaa, kujivuta kwenye chuma. Huna pesa za jim? Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Uinue, upande nao ngazi za ploti. Siku moja kati ya hizo, tembea na mkoba wa kilo 10, uongeze pole pole. Siku ya saba lala. Na ule: ndengu, omena, mayai ukipata. Tizi bila chakula ni kujikondesha tu.

Anza sasa, hata kama tangazo halijatoka. Kurutu wa kawaida hasajiliwi akipita miaka 26, na usajili hauji kila mwezi. Ukiwa na 24 au 25, huenda umebakisha nafasi moja au mbili tu za kusimama kwa hiyo laini.