TUJIFUNZE UFUNDI: Kuosha injini yenye grisi

Vijana wengi wa Mbagala, Tandika na Tegeta hujipatia riziki kwa kuosha magari. Siku hizi wanatumia mashine ya kusukuma maji kwa nguvu. Mashine hiyo hurahisisha kazi, lakini pia inaweza kuharibu gari na kumwumiza mtu.

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi. Kwa kipimo hicho hicho, maji ya mashine ndogo yana nguvu ya 1,400 hivi. Maji hayo yanaweza kutoboa ngozi. Basi usimwelekezee mwenzako bomba, hata kwa mzaha. Maji yakikutoboa, utaona kitundu kidogo tu, kumbe ndani mmeumia sana. Nenda hospitali mara moja. Mweleze mganga kuwa ni maji ya mashine.

Osha injini hivi:

1. Zima gari. Ngoja injini ipoe. Maji baridi yakiipata injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

2. Fungua waya wa betri, ukianza na ule wa hasi.

3. Funika kwa nailoni altaneta, sanduku la fyuzi, waya za plagi na mdomo wa kuvutia hewa. Hakikisha kifuniko cha oili kimekazwa.

4. Paka maji ya sabuni. Sugua grisi kwa brashi. Usitumie petroli, maana cheche moja yatosha kuwasha moto.

5. Vaa miwani na gambuti. Ngoja dakika 10, kisha suuza. Maji yatoke kwa upana, si kama sindano. Simama mbali kidogo. Usipige maji kwenye waya.

6. Futa, anika, kisha ondoa nailoni. Rudisha waya wa betri, sasa ukimalizia na ule wa hasi. Ndipo uwashe gari.

Kama mashine ni ya umeme, kagua waya wake kabla ya kuanza. Ukiona umechubuka, usiutumie. Usishike swichi kwa mikono yenye maji.

Je, maji yale meusi yanakwenda wapi? Huko Temeke, mengine huishia Mto Kizinga. Mtambo wa maji wa Mtoni huchota maji katika mto huo huo. Oili ya gari la mtu mmoja huwa taabu ya watu wengi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazodhuru mto kufanyika ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa hiyo, kwangua kwanza grisi nene kwa kijiti, uiweke kwenye kopo. Usiimwage mtaroni.

Haraka haraka haina baraka. Gari likiharibika litatengenezwa. Jicho likitoboka halina spea.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini tunangoja injini ipoe?
2. Maji machafu ya kuoshea magari mtaani kwenu yanakwenda wapi?