Viazi vya juu ya gunia

Msimu wa viazi, ukitoka Mbeya kuelekea Tukuyu utayaona pale Isyonje magunia ya lumbesa: gunia limejaa, likashonewa wavu juu, likajazwa tena. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima hulipwa gunia moja tu.

Seminarini nilidhani Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ni mwalimu wa mambo ya malaika. Kumbe ndani ya Summa Theologiae ametenga swali zima juu ya kuuza na kununua. Kutumia kipimo cha uongo kwa kujua ni dhambi, na aliyefaidika hana budi kurudisha. Muuzaji anayeficha ubovu wa bidhaa anabanwa. Mnunuzi naye haponi: ukiuziwa dhahabu na mtu anayedhani ni shaba, ukanyamaza, umemdhulumu.

Naandika kwa aibu kidogo. Mwaka jana niliagiza gunia moja la viazi kwa ajili ya jiko la parokia, ikaja lumbesa. Nikafurahi, nikasema Mungu ametubariki. Mama anayetupikia, aliyekulia shambani, akauliza, “Baba Paroko, hivi vya juu tumelipia?”

Sikuwa na jibu. Mkulima mwenyewe ni muumini wa kigango chetu, na zaka hutoa.

Tulivipima vya juu, nikamtumia fedha yake kwa simu. Jioni akanipigia: “Baba, hii ni ya nini?”