Mkulima Naye Aitazame Mbuga ya Nairobi

Ndugu wakulima, wengi wetu hufika Nairobi kwa shauri la hati ya shamba. Tunapanga foleni Ardhi House, tunanunua mbegu na vipuri mjini, kisha jioni tunapanda gari kurudi kwetu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kilomita 7 hivi kutoka katikati ya mji wako simba na vifaru, na twiga anakula majani ya migunga huku majumba marefu yakionekana nyuma yake.

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi iliwekwa mwezi wa Desemba 1946, nayo ndiyo ya kwanza katika Kenya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117, yaani ekari 29,000 hivi. Mkulima akisikia hesabu hiyo husema mara moja: "Ekari zote hizo za wanyama, na wanangu hawana pa kulima!"

Neno hilo si la kupuuzwa. Anayelisema pengine amekesha shambani akifukuza nyani na nguruwe mwitu. Tena ni kweli kwamba mbuga ilipowekwa, wachungaji waliokuwa wakilisha ng'ombe huko walizuiwa. Lakini maoni yangu ni kwamba mtu asilihukumu shamba la jirani kabla ya kulitembelea.

Basi twende tukaone. Lango kuu liko barabara ya Lang'ata. Asiye na gari aanze na Safari Walk, hapo hapo langoni, ambapo watu hutazama wanyama wakitembea kwa miguu. Wanaotaka kuingia ndani, yafaa wana ushirika wakodi gari moja na kuingia asubuhi mapema, maana jua likipanda simba hulala. Kila mtu achukue kitambulisho, kwani mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Ndani ya mbuga, penye mabwawa ya viboko, yaruhusiwa kushuka na kutembea kando ya mto pamoja na askari. Tena uliza mahali zilipochomwa tani 105 za pembe za ndovu mwezi wa Aprili 2016, ili watoto wajue serikali ilikataa biashara ile.

Lakini liko jambo ambalo mkulima atalielewa kuliko mtalii, nalo ni la ua. Upande wa mji mbuga ina ua. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa wazi. Mvua ikinyesha, pundamilia na nyumbu hutoka kufuata majani ya nyanda za Kitengela. Kiangazi hurudi kufuata maji ya mbuga. Huko Kitengela ni mashamba ya watu. Kila shamba likigawanywa na kuzungushiwa waya, njia huzibika. Zamani nyumbu walipita kwa maelfu. Siku hizi waliobaki ni wachache.

Je, tumlaumu mwenye shamba? Hasha. Shamba ni lake, na ng'ombe akiliwa na simba hasara ni yake. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba walioacha ardhi yao wazi, dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka. Huo ulikuwa mwendo wa haki. Na karibu na mbuga hiyo mvulana wa Kimasai, Richard Turere, alitengeneza taa za kumweka-mweka kuzunguka boma la babake, zikitumia betri kuukuu ya gari, na simba wakaogopa kuja. Hakumuua mnyama, wala hakupoteza ng'ombe.

Hivyo ndivyo inavyofaa mambo yaende: faida ya mbuga imfikie jirani yake. Sheria ya wanyama wa mwitu ya mwaka 2013 yasema aliyeharibiwa mazao au kuuliwa mifugo alipwe fidia. Malipo yakichelewa miaka, mkulima atawezaje kumpenda pundamilia? Fidia ilipwe upesi, na njia ya wanyama ilipiwe kodi kama shamba jingine lolote la kukodi.

Nasi tufanye sehemu yetu. Ukija tena kwa shauri la hati, ongeza siku moja, uje na mama watoto na watoto. Halafu baraza likiitwa kuzungumza juu ya ua na wanyama, simama useme uliyoyaona kwa macho yako.