Stima ya Bei Moja au Mita Ndogo: Tuchague Ipi?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nimeishika kalamu nizungumzie jambo ambalo kila mwaka ukikaribia kwisha huzua mjadala mkali katika ploti nyingi za hapa Salgaa. Jambo lenyewe ni hili: je, mpangaji alipe stima kwa bei moja kila mwezi, au awekewe mita ndogo alipe kwa kadiri anavyotumia?

Kwa wale wasioishi ploti, nitaeleza kidogo. Vyumba vyetu vingi vimejengwa kwa safu, mlango kwa mlango, na mita ya Kenya Power ni moja tu kwa wote. Katika mpango wa bei moja, kila chumba hutoa kiasi kile kile pamoja na kodi, awe amewasha taa moja au amewasha kila kitu. Katika mpango wa mita ndogo, kila chumba huwa na kihesabio chake, na mwisho wa mwezi kila mtu hulipia yuniti zake. Katika ploti tunayoishi, wapangaji wameambiwa wachague kabla ya Januari. Kila jioni ni mabishano kwenye kamba za nguo, na mimi pia nina langu la kusema. Msimamo wangu ni kwamba tuchague mita ndogo, lakini tusiichague kwa macho mafumbo.

Kwanza niwape haki wanaotetea bei moja. Wao husema kwamba mtu anayejua atalipa kiasi gani hulala usingizi. Hapa kwetu wengi hawana mshahara wa mwezi. Kuna mama anayeuza chai kwa madereva wa malori, kuna kijana wa kuziba pancha, kuna anayefua nguo za watu. Leo kuna pesa, kesho hakuna. Mtu kama huyo akijua kwamba stima ni kiasi fulani basi, anaweza kujipanga. Sababu hiyo ni nzuri, wala siidharau. Lakini tuitazame kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, itakula yuniti moja na nusu tu. Televisheni ndogo ya wati 50 ikitazamwa saa nne kila siku itakula yuniti sita. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa mbili kwa mwezi mzima kunyosha sare zetu, hizo ni yuniti mbili. Tuongeze redio na kuchaji simu, tuseme yuniti moja na nusu. Jumla ni yuniti 11 kwa mwezi. Hiyo ndiyo familia ya kawaida.

Sasa njoo kwa jirani mwenye jiko la koili. Koili ya wati 1,000 ikipika saa mbili kila siku itakula yuniti 60 kwa mwezi. Koili moja ni sawa na taa 40 kama ile yetu! Na katika ploti ya bei moja, koili hazikosekani. Gesi ikimwishia mtu, badala ya kujaza mtungi anachomeka koili, kwa sababu stima imeshalipwa na haiongezeki bei. Simlaumu jirani huyo. Mpango wenyewe ndio unaomwambia apike.

Tuchukue mfano wa ploti ya vyumba kumi. Vyumba vinane vinatumia yuniti 11 kila kimoja, na viwili vyenye koili vinatumia yuniti 71 kila kimoja. Jumla ni yuniti 230. Tuseme kila yuniti ni shilingi 30, ili hesabu iwe rahisi. Ploti nzima itagharimu shilingi 6,900, na tukigawa sawasawa kila chumba kitatoa shilingi 690. Lakini yule wa yuniti 11 ametumia stima ya shilingi 330 peke yake! Shilingi 360 nyingine amemlipia mwenye koili, ambaye ametumia stima ya shilingi 2,130 akalipa 690. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Haki ya nani, huu mzigo si usufi kwa mama mwenye taa moja.

Si hayo tu. Katika bei zilizoidhinishwa na EPRA, yaani mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, kuanzia Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika makundi matatu. Wa kwanza ni wale wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, na hao ndio waliopewa bei nafuu kabisa. Wa pili ni wale wa kati ya 30 na 100. Wa tatu ni wanaopita 100, na hao hulipa bei ya juu. Sasa rudini kwenye ploti yetu ya mfano. Hakuna chumba hata kimoja kilichofika yuniti 100, na vinane havijafika hata 30. Lakini kwa kuwa mita kubwa ni moja, inasoma 230, na wote wanatiwa katika kundi la juu pamoja na wenye majumba makubwa. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge inaishia ukutani kabla ya kuingia chumbani mwake! Kwa hivyo lililo bora kabisa ni kila chumba kuwa na mita yake halisi ya Kenya Power. Hilo liko mikononi mwa mwenye ploti, lakini wapangaji wakiliomba kwa pamoja na kwa heshima, pengine siku moja atasikia.

Kuna watakaosema, "Lakini bei ya stima hubadilika kila mwezi, afadhali bei isiyoyumba." Ni kweli inabadilika. Kila mwezi EPRA hutangaza ada ya mafuta na ada ya kubadilisha fedha za kigeni, na hizo huongezwa kwa kila yuniti. Mvua ikikosa na maji yakipungua katika mabwawa ya Mto Tana, mitambo inayochoma mafuta huwashwa zaidi na bili hupanda. Mvuke wa Olkaria, ambao uko katika kaunti yetu hii ya Nakuru na umekuwa ukizalisha stima tangu mwaka 1981, haungoji mvua, lakini peke yake hautoshi nchi nzima.

Hata hivyo, bei moja ya ploti haiyumbi kweli? Januari 2022 serikali ilipunguza bei ya stima kwa asilimia 15. Wakubwa wetu pale nyumbani wanakumbuka kwamba bei ya ploti haikushuka hata kwa shilingi. Aprili 2023 stima ilipopanda, tangazo lilibandikwa kwenye geti kabla mwezi haujaisha. Bei ya namna hiyo haijui kushuka, inajua kupanda tu. Anayeichagua kwa kuogopa kupanda kwa stima atapandishiwa vile vile, na siku ya nafuu hatapata kitu.

Na tukumbuke kwamba hata Kenya Power ilikuwa na ada yake ya bei moja kwa wateja wa nyumbani. Ilikuwa shilingi 150 kila mwezi, uwashe usiwashe, na aliyetumia kidogo ndiye aliyeumia zaidi. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2018. Ikiwa nchi nzima iliweza kuiacha, sisi wa ploti tunaing'ang'ania ya nini?

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi, na nadhani wanafunzi wenzangu wa kutwa mtanielewa. Sisi hatuna bweni wala masomo ya jioni shuleni. Darasa letu la usiku ni meza ya nyumbani. Katika ploti za bei moja, mara nyingi swichi kuu huzimwa saa nne usiku ili stima isiliwe sana. Mwenye ploti anaogopa hasara, na ukifikiria vizuri, katika mpango huo yeye hupata faida sisi tukikaa gizani. Basi mwanafunzi analipiwa stima ya mwezi mzima, na anasoma kwa tochi ya simu huku akisikiliza malori yakipita barabara kuu kuelekea Eldoret. Katika mpango wa mita ndogo, mwenye ploti hana sababu ya kuzima. Taa yangu ya wati 10 ikiwaka hadi saa sita usiku, nailipia mwenyewe, na ongezeko lake kwa mwezi mzima halifiki hata yuniti moja. Mtihani wa KCSE hauulizi swichi ilizimwa saa ngapi.

Mtu atauliza, "Na mwezi ukiwa mgumu, si nitashindwa kulipa nibaki gizani?" Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba akiba haiozi. Yule aliyekuwa akitoa 690 sasa anatoa 330. Zile 360 zisiliwe zote. Ziwekwe kidogo kidogo kwenye kopo au kwenye simu kwa ajili ya siku mbaya. Na hata siku mbaya ikifika, unaweza kupunguza televisheni ukabakisha taa. Katika bei moja huwezi kupunguza chochote, maana ukijinyima, faida inakwenda kwa mwingine.

Lakini nilisema tusichague kwa macho mafumbo. Mita ndogo nayo inaweza kuwa mtego. Kwa hivyo napendekeza wazazi wetu waombe mambo matatu kabla ya kukubali.

Kwanza, bei ya yuniti iwe ile ya mita kubwa. Tokeni ikinunuliwa, ujumbe wa simu huja na namba 20 pamoja na kiasi cha pesa na yuniti zilizopatikana. Gawanya pesa kwa yuniti, utaijua bei ya kweli. Ujumbe huo uonyeshwe wapangaji wote, na kama kuna nyongeza, isemwe wazi.

Pili, taa za geti, za choo na za kibarazani zijulikane zinalipiwa na nani. Tusiache zitiwe kichinichini kwenye hesabu ya chumba cha mwisho.

Tatu, mita ijaribiwe siku ile ile inapowekwa. Zima na chomoa kila kitu chumbani, kisha uitazame. Ikiendelea kuhesabu, kuna waya wa mtu mwingine umepitia kwako, na fundi aitwe kabla hajaondoka.

Wenzangu, wazazi wetu wengi hawakupata nafasi ya kufundishwa hesabu za wati kama tunavyofundishwa katika somo la Fizikia. Tusiyaache masomo haya yaishie kwenye daftari. Jioni ya leo soma maandishi yaliyo nyuma ya pasi, ya televisheni na ya taa, piga hesabu ya yuniti zenu kwa mwezi, kisha umwonyeshe mzazi kwa adabu. Kama nyumbani mnapika kwa koili kila siku, huenda mkaona bei moja inawafaa ninyi, ila mjue ni nani anayewalipia. Kama ninyi ni watu wa taa na redio, mita ndogo ndiyo yenu. Nyumba isiyojua yuniti zake itachaguliwa na wengine, na tarehe ya kuchagua haiko mbali.