Mtoto Aulizwe kwa Lugha Anayolilia

Wako waalimu wenzetu na wazee wasemao ya kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, na kijana anyamazaye darasani ni mvivu, dawa yake fimbo. Sisi twalikataa neno hili.

Mwaka 1997 katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe, madaktari walitoa maswali 14 kwa Kishona ya kuwatambua wenye taabu ya moyo. Waliyatunga kwa maneno ya wagonjwa wenyewe, na wagonjwa hao walikuwa na neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Kama ugonjwa huu ni wa Wazungu, neno hilo lilitoka wapi? Na sisi je, hatusemi, “Ana mawazo,” au, “Moyo wake mzito”?

Lakini wako na wengine, wanaokubali kwamba ugonjwa upo, nao hukosea kwa njia nyingine. Huchukua maswali 9 yaitwayo PHQ-9, yaliyotangazwa Marekani mwaka 2001, wakampa mtoto kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya masomo ya sekondari. Maswali yenyewe ni mazuri: huuliza habari za majuma 2 yaliyopita, na kila jibu hupata alama 0 hata 3. Lakini mtoto aliyezoea kujibu hesabu kwa Kiingereza hajazoea kusema huzuni yake kwa lugha hiyo. Atatia alama po pote ili amalize.

Wala kufasiri neno kwa neno hakutoshi. Ukimwuliza kama hali vizuri, je, ni kwa huzuni, au kwa kuwa chunguni hamna kitu? Ukimwuliza kama hapati usingizi, je, ni kwa mawazo, au huamka usiku kwenda kuteka maji? Basi maswali yafasiriwe na wenye lugha, yajaribiwe kwa vijana wa pale pale, na majibu yalinganishwe na uchunguzi wa daktari. Alama 10, iliyopimwa kwanza kwa watu wazima wa Marekani, isidhaniwe kuwa mpaka wa watoto wetu.

Wengine huliogopa swali la 9, liulizalo habari ya kutamani kufa. Husema, “Mkimwuliza mtamfundisha.” Sivyo. Wachunguzi wamelipima jambo hili mara nyingi, wala hawakuona kwamba kuuliza huleta wazo hilo. Hatari imo katika kunyamaza. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya wenye miaka 15 hata 29.

Ila twasema kwa nguvu: mtoto asiulizwe mbele ya wenzake, wala karatasi yake isizagae mezani pa waalimu. Alama si hukumu, ni sababu ya kumpeleka kwa daktari. Na shule isiyo na mtu wa kumpokea siku ile ile atakapojibu “ndiyo” kwa swali la 9, isianze kuuliza. Kufunua jeraha na kuliacha wazi si huruma.

Basi ninyi wazazi, mwendapo shuleni, msiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Mwulizeni mwalimu mkuu: kijana wetu akivunjika moyo, ni nani hapa atakayemwuliza, na kwa lugha gani?