Usimcheke Staa Mwenye Ukuta Mweusi, Kwanza Sogeza Kabati Lako

Leo sina umbea mrefu, nina la moyoni.

Juzi kati staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, alikuwa laivu usiku akionesha wigi jipya. Wigi kali kweli, ila nani aliliangalia? Macho yote yalienda kwenye kona juu ya kitanda chake, ukuta una madoa meusi kama mtu kamwaga wino. Dakika mbili tu komenti zikachafuka. Mara "mchafu", mara "maisha ya kuigiza", mara "hicho chumba lazima kinanuka". Dada wa watu akazima laivu.

Nakiri, na mimi nilicheka. Halafu nikakumbuka chumba changu, kicheko kikaisha.

Mwaka jana nilipanga chumba na sebule Sinza. Dalali alinionesha kiangazi, rangi mpya, kunang'aa. Nikalipa kodi ya miezi sita fasta nisije nikapitwa. Masika ya Machi yalipoanza, ndani kukaanza uvundo. Nguo kabatini zinanuka kama taulo lililolala kwenye ndoo. Nikachoma udi, nikapuliza manukato, wageni wakija nafungua madirisha yote. Tatizo, nilikuwa naishi na mtoto wa dada yangu, miaka minne, ana pumu. Usiku anakohoa mpaka anakaa kitandani. Siku nikasogeza kabati, aisee! Ukuta wote nyuma yake mweusi, una manyoya.

Nikatafuta mtaalamu mtandaoni. Jamaa kaja na ovaroli jeupe, barakoa, mtungi wa dawa mgongoni. Akapuliza, kukanuka jiki nyumba nzima, juu akapiga rangi. "Bosi, hapa umemaliza kazi." Laki moja na ishirini ikaondoka. Wiki ya tatu madoa yakarudi, na rangi imevimba kama maandazi. Nampigia, simu haipatikani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi bomba. Aligusa ukuta kwa kiganja, akaniuliza swali moja tu: "Upande wa pili kuna nini?" Kulikuwa na bafu la jirani. Bomba lililofukiwa ukutani lilikuwa linavuja taratibu, miezi na miezi. Yule wa laki na ishirini hakuuliza hata.

Ndio maana nasema, ukungu sio uchafu, ukungu ni maji. Vimbegu vya kuvu viko hewani kila mahali, kwako, kwa bosi wako, mpaka hotelini. Vinasubiri unyevu tu. Rangi, mbao, karatasi ya jipsamu na pazia ni msosi wake. Unaweza kudeki mara tatu kwa siku, kama ukuta unakunywa maji utaota tu. Na ukiua ukungu ukauacha palepale bado haijasaidia sana, maana hata uliokufa unaweza kumsumbua mtu mwenye aleji au pumu. Inabidi utolewe, pakauke.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, msikilize fundi anavyoanza. Wa kweli anaanza na maswali: kuna gata limeziba? Slabu inapitisha maji? Maji yanapanda kutoka chini kwenye msingi? Bafu lina dirisha? Kiyoyozi kinadondosha maji wapi? Anagusa, anasogeza vitu, anakwambia chanzo kizibwe kwanza. Jipsamu iliyooza anaikata na kuitupa, haipaki rangi. Kabla ya kupaka anaacha ukuta ukauke. Mwingine anafika tu anaanza kupuliza. Huyo anakuuzia harufu. Na dawa ya mende sio dawa ya ukungu, msichanganyiwe mafaili.

Sio kila doa linahitaji mtaalamu, ukweli usemwe. Kama eneo halifiki mita moja ya mraba na maji yameshazibwa, sabuni, brashi, glavu na barakoa vinatosha, kisha kausha vizuri. Ila jiki usiichanganye na sabuni nyingine za chooni, inaweza kutoa gesi ya sumu. Na mwenye pumu asiwepo ndani wakati huo. Lakini ukuta mzima ukiwa mweusi, au maji ya chooni yamehusika, ita mtu anayejua kazi.

Sasa linaloniuma: nani alipe? Mimi nilimwambia baba mwenye nyumba, akajibu, "Paka rangi, kijana." Wengi tunajibiwa hivyo, tunanyamaza maana tunaogopa kufukuzwa.

Jibu hilo limeshaua. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Baba yake alikuwa amelalamikia ukungu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Mwaka 2022 uchunguzi rasmi ukasema alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa, sababu ni ukungu wa nyumba hiyo. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria inayobeba jina lake, wenye nyumba za jamii warekebishe ndani ya muda uliowekwa.

Kwa maoni yangu, bomba la ndani ya ukuta ni la mwenye nyumba. Piga picha zenye tarehe, mwandikie meseji badala ya kuongea tu, na kabla ya kulipa kodi nyingine ombeni mkubaliane, gharama ya fundi ikatwe humo. Wangu alikubali nusu. Bomba likazibwa, plasta ikabanduliwa, ukuta ukakaa wazi wiki kadhaa mbaya kuutazama. Madoa hayajarudi. Mtoto pumu bado anayo, ila usiku analala.

Kuhusu staa wetu, chanzo changu kinasema nyumba anayokaa ni ya kupanga kama wewe tu. Usikute na yeye ameambiwa apake rangi.

Haya, nenda kasogeze kabati, halafu njoo uniambie kwenye komenti umekuta nini. Na mwenye nyumba wako alikujibuje?