Tafsiri Isiyotumwa: Wapenzi wa Michezo ya Video ya Kijapani na Wajibu wa Wanaisimu

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alileta mbele ya kamati pendekezo la tasnifu kuhusu michezo ya video iliyouzwa Japani pekee, na kuhusu watu walioifungua na kuitafsiri kwa Kiingereza bila ujira wala idhini. Pendekezo lilikataliwa kwa sababu mbili: kwamba michezo ni mambo ya watoto, na kwamba kazi yenyewe ni wizi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolikataa. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini siku ile tulikosea. Hoja yetu ni kwamba kazi hizo ni tafsiri kwa maana kamili ya neno hilo, na kwamba zinafichua mambo ambayo ufundishaji wetu wa tafsiri huyapita kwa haraka.

2.0 Pengo Lililofichwa na Namba

Msomaji asiyeifahamu michezo hii huenda akauliza ina maneno gani ya kutafsiriwa. Michezo inayozungumziwa hapa si ya kupiga mpira wala kufukuzana kwa magari. Ni masimulizi marefu, ambamo mchezaji huwaongoza wahusika kutoka mji hadi mji, na kila hatua hulazimika kusoma mazungumzo, maelekezo, na majina ya silaha na dawa. Asiyejua lugha hawezi kukifuata kisa.

Mfano ulio wazi ni mfululizo wa Final Fantasy. Mchezo wa nne ulipouzwa Marekani mwaka 1991 uliitwa wa pili. Na wa sita ulipofika huko mwaka 1994 uliitwa wa tatu. Wa pili halisi, wa tatu halisi na wa tano ilibaki Japani. Mnunuzi wa Marekani aliyehesabu moja, mbili, tatu hakuwa na sababu ya kushuku kwamba amerukwa. Final Fantasy V ilitolewa Japani Desemba 1992 kwa ajili ya mashine ya Super Famicom, na toleo rasmi la Kiingereza halikupatikana hadi mwaka 1999. Lakini mwaka 1997 kikundi cha wapenzi kilichojiita RPGe kilikuwa tayari kimekamilisha tafsiri yake.

3.0 Matini Iliyochimbuliwa

Tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba mfasiri hupokea matini, huisoma, huichambua, huihawilisha, kisha huipitia. Kwa watu hawa matini haikupokelewa, bali ilichimbuliwa. Ndani ya kaseti ya mchezo kila herufi huhifadhiwa kama namba, na namba hizo huweza kuwa zimepangwa na watengenezaji wenyewe kwa utaratibu wao. Hivyo, mfasiri alipaswa kwanza kutunga jedwali: namba hii ni silabi fulani, na ile ni nyingine. Kazi hiyo haiko mbali na ya mwanazuoni anayesoma mwandiko uliopotewa na wenyewe.

Baada ya jedwali huja vielekezi, yaani namba zinazoiambia mashine kila sentensi inaanzia wapi. Sentensi ikirefushwa bila kielekezi kinachofuata kurekebishwa, mashine itaanza kusoma katikati ya neno. Na sentensi haina budi kurefuka. Kijapani huandikwa kwa hiragana na katakana, ambazo kimsingi ni hati za silabi, pamoja na kanji, ambamo alama moja huweza kubeba neno zima. Upanga huweza kuandikwa kwa alama moja tu. Kiswahili kinahitaji herufi sita. Aidha, alama za Kijapani hukaa vizuri katika miraba iliyo sawa, ilhali herufi zetu, kama vile i na m, hazilingani kwa upana. RPGe hawakuridhika kubadilisha maneno peke yake. Waliubadilisha mchezo wenyewe ili kila herufi ipewe upana wake.

Mabadiliko yote hukusanywa katika faili dogo liitwalo kiraka. Kiraka hakina mchezo ndani yake. Kina tofauti tu kati ya mchezo wa asili na ule uliotafsiriwa. Anayekitumia hukibandika juu ya nakala ya mchezo.

4.0 Nafsi, Jinsia na Majina

Tutazame sasa suala la kiisimu. Katika Final Fantasy V kuna nahodha wa maharamia aitwaye Faris, mwanamke aliyelelewa na maharamia na anayejionyesha kuwa mwanamume. Mzungumzaji wa Kijapani huchagua miongoni mwa viwakilishi vingi vya nafsi ya kwanza, kama watashi, boku na ore, kulingana na jinsia, cheo na uhusiano wake na msikilizaji. Faris hutumia ore, neno la kiume na la ukakamavu. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja tu cha mzungumzaji, kwa hiyo ishara hiyo hupotea. Yamkini toleo rasmi la mwaka 1999 lilikusudia kufidia upotevu huo lilipompa Faris usemi wa maharamia wa hadithi za Kiingereza.

Katika nafsi ya tatu tatizo hubadilika. Kijapani huweza kuiacha kiima bila kuitaja, na siri ya Faris ikahifadhika. Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua kati ya mume na mke kila Faris anapotajwa kwa kiwakilishi. Kiswahili nacho kingeipoteza ile ore, kwa kuwa mimi yetu haina jinsia wala cheo. Lakini kingeihifadhi siri ya nafsi ya tatu bila jitihada yoyote, kwa sababu kiambishi a- katika amefika hakimsemi mtu kuwa ni mume au mke. Kila lugha hupoteza mahali pake. Ni mfano gani bora zaidi tunaoweza kuupeleka darasani tunapofundisha ulinganifu wa tafsiri?

Majina nayo yana somo lake. Kijapani, kama Kiswahili, huyapokea maneno ya kigeni kwa kuyapa irabu na kuyalainisha kwa mujibu wa fonolojia yake. Kumrudisha mkopwaji kwao kunahitaji maarifa. Katika toleo hilo rasmi, joka lenye mabawa ambalo kwa Kiingereza huitwa wyvern, na kwa katakana husomeka waibaan, liliandikwa Y Burn, kana kwamba ni herufi moja na tendo la kuunguza. Hatusemi kwamba wapenzi hawakosei. Wanakosea, na mara nyingine vibaya. Tunachosema ni kwamba malipo na muhuri wa kampuni si dhamana ya ubora, na kwamba kulinganisha matini hizi mbili kungekuwa utafiti halali kabisa.

5.0 Pingamizi la Sheria

Pingamizi la pili la kamati lina uzito, wala hatulipuuzi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unampa mwandishi haki ya kuidhinisha tafsiri ya kazi yake. Wamiliki nao wamewahi kuitetea haki yao. Final Fantasy Type-0 ilitolewa Japani mwaka 2011. Wapenzi walipotoa tafsiri yao mwaka 2014, kampuni ililalamika na tafsiri ikaondolewa mwaka huohuo. Toleo rasmi la Kiingereza lilitoka mwaka 2015. Hapo mwenye mali alikuwa na hoja: alikuwa njiani kuileta kazi yake mwenyewe.

Lakini si kila mmiliki huwa njiani. Mother 3, iliyoandikwa na Shigesato Itoi, ilitolewa Japani mwaka 2006. Tafsiri ya wapenzi ilikamilika mwaka 2008 chini ya uongozi wa Clyde Mandelin, ambaye ni mfasiri kwa taaluma. Mwaka 2013 alijitolea kuwapa Nintendo matini yake bure iwapo wangependa kuitumia. Hakuna toleo rasmi la Kiingereza lililotoka. Hata mchezo huo ulipoingizwa katika huduma ya kulipia ya kampuni mwaka 2024, uliingizwa Japani tu. Hapa ni vigumu kuonyesha soko lililoibiwa.

Hata hivyo, swali la kamati halikuwa la mahakama. Kuchunguza jambo si kulihalalisha. Mtafiti anayekusanya matusi hajamtukana mtu, na mwanaisimujamii anayechunguza misimu ya wahalifu hajashiriki uhalifu wao.

6.0 Kiswahili na Hitimisho

Je, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili. Programu hiyo ilikuwa huria, yaani mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye nia. Jitihada kama hizo zimetufanya tujishughulishe sana na istilahi: kitu fulani tukiiteje? Swali hilo ni muhimu, lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni iwapo mashine imeachiwa nafasi ya sarufi yetu.

Tuchukue sentensi ya kawaida katika michezo hii, inayomwarifu mchezaji kwamba kitu fulani kimepotea. Mtengenezaji huweza kuandika kiunzi kimoja na kuacha pengo, ambamo mashine hutia jina la kitu. Kwa Kijapani kiunzi hicho hutosha, maana kitenzi hakipatani na nomino. Kwa Kiswahili kinavunjika mara moja: kisu kimepotea, upanga umepotea, dawa imepotea, jiwe limepotea. Hakuna orodha ya istilahi itakayoliponya tatizo hili. Dawa yake ni kuingia ndani ya programu, kumpa kila nomino ngeli yake, na kukiamuru kitenzi kifuate. Mpenzi wa michezo anayejua kompyuta ataweza kuingia; lakini atahitaji mwanaisimu wa kumweleza ngeli zinavyofanya kazi, hasa pale nomino ya kiumbe hai inapoasi umbo lake, kama kiboko anayepatana kwa a- badala ya ki-.

Hilo ndilo lililokuwa kiini cha pendekezo la yule mwanafunzi: ni mabadiliko gani ambayo mchezo wa Kijapani ungehitaji ili uzungumze Kiswahili sanifu? Tulitazama jina la mada, hatukuisoma hoja. Mwanafunzi huyo aliandika tasnifu kuhusu mada nyingine, akafaulu vizuri. Swali lake la awali bado halijajibiwa. Tunazishauri idara zetu kwamba akitokea mwingine mwenye swali kama lile, apewe msimamizi.